Kabla ya kuzungumzia chanjo, ulizia siasa ya pale

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya uhamasishaji wakati wa mlipuko wa ugonjwa, semina itawafundisha dalili, dozi na namna ya kutunza chanjo kwenye baridi. Yajueni. Lakini kabla ya kubisha hodi nyumba ya kwanza, ulizieni serikali imewatendea nini watu wa pale mwaka huo. Maswali yenu mengi yatatokea huko.

Chukueni miji ya Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, mahali ambapo raia walikuwa wakichinjwa na waasi tangu 2014. Septemba watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji hiyo, na karibu mmoja kati ya wanne akasema mlipuko huo si wa kweli. Wapo wanaoisoma takwimu hiyo na kusema ni ujinga. Haya, someni kilichofuata.

Tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi. Sababu iliyotajwa: Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yanajaa, kampeni zilishapigwa. Na rais alikuwa anaapishwa Januari, kwa hiyo kura za ngome hiyo ya upinzani zingehesabiwa mambo yamekwisha. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola Beni. Tarehe 30 wakazi wakajiandalia uchaguzi wao wa kuigiza. Wakapanga foleni, wakanawa mikono kwanza, ndipo wakapiga kura. Ukimkuta mtu wa foleni ile anakataa sindano yako, kumhubiria habari za vijidudu ni kupoteza muda wenu wote wawili.

Februari 2019 vituo vya Ebola vya Katwa, eneo la Butembo, na vya Butembo kwenyewe vilishambuliwa na kutiwa moto. Aprili, daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo. Jibu la haraka likawa kuongeza askari, na askari mlangoni humthibitishia mwenye shaka kile kile alichokuwa akishuku. (Hapo niko tayari kubishana na mkubwa yeyote.)

Sasa la kwenu. Chanjo ya Ebola ilitolewa kwa duara: waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao. Kitaalamu ni sawa kabisa, ila mtaani inaonekana upendeleo. Jirani kachanjwa, mimi nimerukwa, na mjamzito mwanzoni aliambiwa hapana. Chukua kijiti, chora duara chini, mwonyeshe mgonjwa yuko wapi na yeye yuko wapi. Eleza kabla hujaulizwa.

Na ukiulizwa mbona surua inaua watoto na hamji na magari mengi hivi, usikwepe. Surua iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2020, kuliko Ebola. Kubali kwamba ni kweli, andika swali, lipeleke kwa wakubwa, kisha rudi na jibu hata kama ni baya.