Anzia na kifuu cha nazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni kitu gani rahisi cha kutengeneza nyumbani, cha kupamba au cha kula, ambacho ungemshauri msomaji mwenzako akijaribu, na kwa nini hicho? Jibu langu ni kifuu cha nazi. Nimelifikiria swali lenu siku tatu kwenye daladala, kutoka Tandika kwenda Posta na kurudi, na kila nikijaribu jibu jingine narudi palepale.

Nianze na sababu. Mimi ni mpangaji. Nina chumba na sebule, watoto wawili, na mwenye nyumba ambaye siku ya kunikabidhi funguo aliniambia, "Mama, msumari ukutani sitaki." Sikumlaumu. Plasta za nyumba zetu nyingi zina mchanga kuliko simenti, ukigonga msumari mmoja linabanduka ganda zima. Kwa hiyo kila pambo nililolitamani lilipaswa kusimama lenyewe, au kuning'inia kwenye nondo za dirisha, na siku ya kuhama liingie kwenye kikapu tuondoke nalo.

Sababu ya pili ni pesa. Nilianza kama wengi, kwa kuangalia video kwenye simu. Mtu anatengeneza kitu kizuri kwa dakika tano, lakini kabla hajaanza amepanga mezani gundi ya moto na bastola yake, rangi ya kupuliza, riboni na shanga. Nilipiga hesabu ya vifaa vya taa moja ya mezani nikakuta vinazidi bei ya taa yenyewe Kariakoo. Tangu hapo nina msimamo: kazi ya mikono ikianza na orodha ya manunuzi, naiacha. Naanza na kile ambacho mikono yangu inakishika kila wiki na kukitupa. Kwetu sisi wa pwani kitu hicho ni nazi. Wali Jumapili, maharage katikati ya wiki, samaki wa kupaka mfuko ukiruhusu. Kila nazi moja inaacha vifuu viwili, na vyote nilikuwa navipeleka jalalani.

Kama hupiki nazi nyumbani, nenda sokoni kwa vijana wenye mashine za kukunia. Pembeni ya mashine hukosi kukuta lundo la vifuu, na vya mashine vina faida: ndani vimeshakwanguliwa, karibu visafi. Wahi tu kabla ya mama lishe, kwa sababu kifuu kinawaka moto mkali na wao wanakijua thamani yake. Pale sokoni kwetu nilimwomba mama mmoja aliyekuwa anajaza kiroba. Nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka kufanya. Akanitazama, akasema, "Chagua mwanangu, vizuri vyote chukua. Mimi nachomea tu." Nilichagua saba.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokaa chini na kifuu mkononi. Vifuu viwili vya nazi moja havifanani kazi. Kimoja kina macho matatu, kingine hakina. Katika macho hayo matatu, mawili ni magumu kama kifuu chenyewe, na moja ni laini. Ndilo linalotoa chipukizi nazi ikiota. Ukilisukuma jicho hilo kwa msumari au ncha ya kisu linatoboka bila shida, na hapo una chungu cha maua chenye tundu la kupitishia maji tayari. Kifuu kisicho na macho ndicho cha bakuli, cha kuwekea karanga za wageni, cha vipini na vifungo juu ya meza. Nilipolielewa hilo niliacha kutoboa vifuu ovyo.

Ukiivunja nazi mwenyewe, ivunje kwa kutaka vifuu, si kwa kutaka nyama peke yake. Ishike kiganjani juu ya bakuli, piga katikati kwa mgongo wa kisu kizito, geuza kidogo, piga tena, zunguka hivyohivyo. Usipige kwa hasira. Mzunguko wa pili au wa tatu utasikia mlio umebadilika, na ufa unajichora wenyewe kama mkanda. Maji yakikudondokea kiganjani, malizia kwa mkono. Na unaponunua, itikise usikie maji, halafu tazama macho: yakiwa na ukungu au unyevu, rudisha. Wazee walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na tui lililochanganyika na nazi iliyoharibika unalimwaga lote.

Kusafisha ndiko kuliko na kazi, na napenda kusema wazi kwamba ni jioni mbili nzima, si dakika tano. Nyama iliyobaki ndani iache ijikaushe siku mbili mahali penye hewa, itajikunja na kuachia ukiichokonoa kwa kijiko. Usikianike kifuu kibichi juani mchana kutwa. Mimi nilivianika viwili vya kwanza juu ya bati, saa nane mchana, mwezi wa kwanza. Jioni nikavikuta vimepasuka kutoka ukingoni hadi chini. Kivulini havipasuki. Nje, zile nyuzinyuzi zikwangue kwa kisu butu, kisha msasa: namba 80 mpaka nyuzi ziishe, 120 mpaka mikwaruzo ipungue, 240 mpaka kiganja kiteleze. Duka lolote la vifaa vya ujenzi linauza msasa kwa karatasi. Vumbi lake ni jembamba na linakereketa koo, kwa hiyo funga kitambaa puani na kaa nje. Mwishoni nanunua ule msasa wa maji, nalowesha kifuu, nasugua bila vumbi kabisa. Binti yangu wa darasa la tano ndiye fundi wa hatua hiyo, ana subira kunishinda.

Halafu mafuta. Sikununua vanishi, kwa sababu vifuu vingine tunawekea chakula, na kwa sababu mafuta yenyewe yamo ndani ya nazi. Nilikuna nazi tatu, nikakamua tui la kwanza zito, nikalichemsha moto mdogo bila kifuniko. Ilichukua zaidi ya saa moja. Maji yanakauka, tui linakatika, yanabaki mafuta meupe kama maji na chenga za kahawia chini. Ukiona chenga zimeanza kuiva rangi, epua, chuja kwa kitambaa safi. Nazi tatu zilinipa vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo vya kwenye vijiwe, basi. Lakini nyumba nzima ilinukia mpaka jirani akaja kuuliza napika nini. Kifuu kikipakwa mafuta hayo na kusuguliwa kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa, ile kahawia iliyofifia inageuka karibu nyeusi, yenye mistari. Ukipita Mwenge kwa wachonga vinyago ukaona mng'ao wa mpingo, utanielewa. Rudia mafuta kila kikianza kupauka.

Vyungu vyangu vinne vinaning'inia kwenye nondo za dirisha la sebuleni. Kutoboa matundu ya kamba nilitumia msumari wa nchi tatu uliowekwa kwenye jiko la mkaa mpaka ukaiva, nikaushika kwa koleo; fundi mwenye keekee angefanya kwa dakika moja. Kamba ni vipande vya khanga nilivyovisuka kama nywele, mistari mitatu. Ndani nimepanda ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo, ambao ukikata kipande ukakitia kwenye maji kinaota mizizi. Udongo unaokaa humo ni kidogo, kwa hiyo usipande kitu chenye njaa. Nilijaribu mnanaa, ukadumaa.

Hapa naomba msomaji asinipite haraka. Kifuu kilichoachwa uani bila tundu ni kisima cha mbu. Jiji letu lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, ukaja mwingine 2019; ndiyo ile homa ambayo tulifundishwa pia kuiita kidingapopo. Mbu wake anauma mchana na anataga kwenye vyombo vidogo vyenye maji yaliyotulia majumbani mwetu, kopo, tairi, kifuu. Wakati wa masika, vifuu ambavyo hujavifanyia kazi viingize ndani au vifudikize. Vya maua hakikisha jicho liko wazi na maji yanapita. Niliugua homa ya namna hiyo mwaka mmoja na sitaki mtu aiugue kwa sababu ya pambo.

Kuna pia taa. Kifuu chenye matundu madogo mengi, kikifunikwa juu ya balbu ndogo inayotoa joto kidogo tu, kinamwaga nyota ukutani, na watoto wangu sasa hawataki kulala bila hiyo. Lakini umeme ukikatika usishawishike kuweka mshumaa ndani. Nimeshasema mama lishe wanavipendea nini.

Makumbi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, sitayaongelea sana. Kwa Dar nazi nyingi zinatufikia zimeshafuliwa, na kutengeneza usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, kunataka makumbi yafukiwe kwenye matope ya pwani kwa miezi, kazi ambayo haifanyiki kwenye ua wa kupanga. Nikipata kumbi moja au mawili nayatwanga kwa mchi, nyuzi nazitandika chini ya udongo wa maua zisaidie kushika unyevu, nyingine nasugulia masufuria. Machicha yanaenda kwa kuku wa jirani, naye hunitumia yai moja moja.

Cha kula ni kashata, kwa sababu kinywa nacho kinataka sehemu yake. Nazi moja kubwa ikikunwa inatoa kama vikombe viwili. Hii usiikamue tui. Sukari kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, iliki punje tano zilizotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chemsha sukari na maji bila kukoroga mpaka shira inate: dondosha tone kwenye sahani, lipoe, liguse kwa vidole viwili, ukivitenganisha uone uzi. Mimina nazi, iliki na chumvi, sasa koroga bila kuacha. Baada ya dakika kumi, kumi na tano hivi, mchanganyiko utaanza kujikusanya na kuachana na sufuria. Mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, bapaza kwa kitako cha bakuli. Kata ingali vuguvugu. Mara ya kwanza niliisubiri ipoe kabisa ili ikatike vizuri, ikavunjika yote ikawa chenga, tukaila kwa kijiko. Na kwa unyevu wa hewa yetu, hasa Machi mpaka Mei, kashata iliyoachwa wazi inatoa jasho na kunata, kwa hiyo iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Naipenda ikiwa kwenye kifuu, na kahawa chungu pembeni.

Kimoja bado kinanishinda. Bibi yangu mzaa mama, kule Kisiju, anachotea mchuzi kwa upawa ambao nimeukuta tangu nipate akili: kifuu kidogo, mpini wa mti umepenya tundu hili ukatokea la upande wa pili, hakuna gundi, hakuna msumari, na hautikisiki. Nimetengeneza pawa tatu. Zote siku ya kwanza ziko imara, baada ya wiki mpini unacheza. Nilimpigia simu nikamweleza. Akauliza, "Mti uliukata lini?" Nikamwambia siku ileile. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, mti mbichi ukikauka unasinyaa, tundu linabaki na nafasi. Kausha kwanza. Uchonge uingie kwa kubana. Ukishapenya ndipo uuloweshe, utavimba wenyewe."

Nimekata kijiti cha mpera, nimekifunga juu ya dirisha la jikoni panapopita moto. Hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi mwanangu mdogo anakigonga kwa ukucha kusikiliza kama kimekauka.