Jibu: Niache kazi leo au nivumilie?

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi leo hii hapo ghalani Tanga, kwa kuwa bosi anawatukana mbele za watu na saa za ziada hamlipwi. Pole sana. Usiandike barua ukiwa na hasira.

Mimi nilikaa miaka mitatu kwenye kampuni ya namna hiyo, hapa hapa Tanga. Kilichoniumiza kuliko matusi ni ukimya wetu: mwenzenu anadhalilishwa, nyote mnainamisha vichwa. Nikawa nikirudi nyumbani Ngamiani nawafokea watoto bila kosa.

Anza daftari: tarehe, saa ulizofanya, alichosema, nani alikuwepo. Litunze nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Malalamiko peleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi ni 30 tu, na wengi huchelewa hapo. Huku ukitafuta kwingine kimya kimya.