Barua kwa mwanangu: tumbo linapochafuka kwa mawazo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema mimba ina wiki 9, kichefuchefu kinakushika kutwa nzima, na siku ukifokewa kazini au ukiwaza kodi ya nyumba ndipo unatapika kabisa. Unauliza kama ni mawazo yanayokutapisha, na kama yanamdhuru mtoto.

Mawazo hayakuanzisha kichefuchefu hicho. Kinaletwa na homoni za mimba. Huanza karibu na wiki ya 6, hupamba moto kwenye wiki ya 9, na kwa wengi kimepoa ifikapo wiki ya 16 au 20. Wewe sasa uko kileleni, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba unadeka. Mtoto naye hadhuriki, mradi maji na chakula kiasi vinakaa tumboni.

Ila mawazo yanakichochea. Ukiwa na hofu, tumbo linachelewa kushusha chakula, unapumua juu juu na kumeza hewa, na hamu ya kula inakata, unajikuta umekaa tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana bila kitu. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Tumbo tupu linabaki na asidi, asidi inakutapisha, ukishatapika unaogopa kula. Anzia hapo, maana bosi na mwenye nyumba huwezi kuwabadilisha leo.

Usiku weka karibu na mto biskuti mbili kavu au kipande cha mkate mtupu. Ukiamka usiinuke. Egemea mto, tafuna polepole, tulia dakika 15 hadi 20 ndipo usimame. Baada ya hapo kula kidogo kila saa mbili, hata kama ni vijiko vitano vya uji. Mtori pika bila samli, nyama iwe steki isiyo na mafuta, na uuache upoe kwanza, kwa sababu chakula cha moto ndicho kinachopandisha harufu. Vitunguu akaange mkwe wangu, tena nje. Maji usinywe pamoja na chakula; kunywa nusu saa kabla au baada, funda dogo dogo. Tangawizi inasaidia: kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ukikate vyembamba, ukichemshe dakika 10 katika kikombe kimoja. Vikombe viwili kwa siku vinatosha, ukizidisha kiungulia kitakuchoma.

FEFO nazo, vile vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki, zichunguze, kwa kuwa madini ya chuma huchafua tumbo. Zihamishie usiku baada ya kula, wala usimezee chai, inazuia chuma kuingia mwilini. Usiziache kimya kimya, kwani asidi ya foliki iliyomo inahitajika sana wiki hizi 12 za kwanza. Zikikushinda mwambie nesi wa kliniki, anaweza kukupa foliki peke yake kwa muda. Muulize pia kuhusu vitamini B6, dozi akupangie yeye.

Sasa pale kazini. Dalili ya kwanza ni mate kujaa mdomoni. Ukingoja tumbo lipande umechelewa. Toka nje, weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lisukume mkono, kisha itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6, kama unayepoza uji. Fanya hivyo dakika 5. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi haraka haraka, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu kikazidi. Kwenye daladala kaa siti ya mbele, utazame barabara, simu iache kwenye mkoba.

Udongo, nakuomba, usile, hata shoga zako wakisema unakata kichefuchefu. Unazuia chuma, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una madini ya risasi.

Kuna hali ambazo hazingoji siku ya kliniki. Maji yasipokaa tumboni siku nzima, ukikaa muda wa saa nane bila kukojoa au mkojo ukawa na rangi ya chai, ukitapika damu, tumbo likiuma sana, au ukisimama unaona giza, nenda hospitali hapo hapo Arusha siku hiyo hiyo. Ukipata homa, pima malaria kwanza, usiseme ni mimba tu.

Hofu ya siku mbili tatu haimdhuru mtoto. Lakini ukikosa usingizi na kulia karibu kila siku kwa wiki mbili, kaseme kliniki kama unavyosema homa, kuna msaada wake.

Ukienda kliniki, uliza uzito wako na uniandikie pamoja na ule wa hudhurio la kwanza. Kwa mtu wa kilo 60, kupungua kilo 3 kunahitaji matibabu, huenda na dripu. Nasubiri namba hizo mbili.

Mama yako,
Moshi