Kisanduku cha diski mbili Goma? Mimi ningeanza na laptopu ya zamani

Ndugu, umeuliza kama ununue kisanduku cha NAS (cha kuhifadhi nakala za mafaili kupitia mtandao wa nyumbani) chenye diski mbili kwa kompyuta tatu za nyumbani, na kama kitakula mega za intaneti. Mega hakili hata moja. Mafaili yanatoka kwenye kompyuta, yanapita kwenye ruta, yanaingia kwenye diski. Intaneti ikikosekana mwezi mzima, kazi inaendelea.

Kinachonitia shaka ni kisanduku chenyewe, kwa umeme huu wetu. Ukikatika diski ikiwa inaandika, mafaili yanaweza kuharibika, na visanduku vingi havina betri ndani. Itabidi uongeze UPS, yaani betri ya akiba. Mimi hapa Mabanga natumia laptopu kuukuu, kioo kimepasuka lakini betri bado inashika chaji. Nimeiwekea OpenMediaVault, programu ya bure inayoigeuza kuwa NAS, nikachomeka diski ya nje. Chukua ile ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kwenye USB. Ya inchi 3.5 ina adapta yake ukutani, kwa hiyo umeme ukienda inazimika hata kama laptopu iko hai. Ifomati kwa mfumo wa mafaili wa ext4, si exFAT, maana ext4 huandika kwanza inachotaka kubadilisha, hivyo ikikatizwa hujua pa kuanzia. Ipange laptopu ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha, na isilale ukiifunga.

Nakala ya kwanza ifanye kwa waya, si Wi-Fi. Ila tazama ruta yako: zile za bei ya chini nyingi zina matundu ya megabiti 100, yaani kama megabaiti 11 kwa sekunde, na terabaiti 1 itakula saa 25 hivi. Tundu la gigabiti linashusha hadi saa mbili na nusu, diski ikiweza kufuata mwendo huo, na laptopu ikiwa na USB 3. Baada ya hapo yanapita mafaili yaliyobadilika tu. Kwa kazi hiyo ya kunakili, Windows ina File History, Mac ina Time Machine. Zote zinakubali folda ya mtandao.

Usiifungulie njia ya kuingiliwa kutoka nje. Januari 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga mafaili kwenye NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wenyewe wakadaiwa bitcoin ili wafunguliwe.

Sasa zile diski mbili za kisanduku, za kuakisiana, yaani kila moja ina nakala ya mwenzake. Zinakusaidia moja ikifa, basi. Ukifuta picha huku, imefutika na kule, na zote zinakaa nyumba moja, chini ya volkano ya Nyiragongo! Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji. Tarehe 27 Mei 2021, siku 5 baada ya mlipuko, mitaa yetu iliamriwa kuhama, na asubuhi ile hakuna aliyekuwa na muda wa kuchomoa nyaya. Kwa hiyo pesa ya kisanduku mimi ningenunulia diski ya pili, niifunge kwa neno la siri, ikae kwa ndugu Bukavu. Yangu iko kwa dada, Kadutu. Mtu wa nyumbani akipanda boti anapeleka mpya na kurudi na ya zamani.