Usifute jina la biashara kabla kampuni haijasimama

Mkuu, umeuliza kama ufute kwanza jina la biashara ndipo uombe kampuni yenye jina hilohilo. Usifute. Ukiliachia, mwingine anaweza kuliwahi. Nilipohamishia karakana yangu ya samani kwenye kampuni nilianza na maombi ya kampuni, nikaambatanisha barua kwamba mwenye jina la biashara ni mimi na nimeridhia kampuni ilitumie. Msajili akikuta majina yamefanana, barua hiyo inamtoa wasiwasi.

Wengi hudhani biashara imepandishwa cheo tu. Kisheria sivyo. Jina la biashara ni wewe mwenyewe. Kampuni ni mtu mwingine kabisa. Kesi ya Salomon, Uingereza, 1897, ilimaliza ubishi: mtengeneza viatu aliiuzia kampuni biashara yake, akawa na hisa 20,001 kati ya 20,007, na bado mahakama ikasema madeni ya kampuni si yake.

Kwa hiyo hakuna kinachohama chenyewe. Andikeni mkataba wa mauziano, wewe na kampuni, utaje mashine, mali iliyo stoo, fedha unazowadai wateja na jina lenyewe. Unachodaiwa wewe ni habari nyingine: kinabaki shingoni mwako mpaka anayekudai akubali kwa maandishi kuidai kampuni. Kama una mkopo benki, anza na hao.

Mteja wangu mmoja aliendelea kuandika hundi kwa jina la zamani. Benki ikagoma kuiingiza kwenye akaunti ya kampuni, na walikuwa sahihi, mlipwaji si yule. Niliipeleka akaunti ya zamani, ambayo nilikuwa nimeiacha wazi makusudi hadi ankara zote za nyuma zilipwe.

Neno Limited mwishoni mwa jina la kampuni nalo usilidharau. Liwe kwenye ankara, mikataba na barua, na usaini kama mkurugenzi kwa niaba ya kampuni. Ukisaini kwa jina la zamani peke yake, mtu anaweza kukufuata wewe binafsi, na kinga ya kutofuatwa hivyo ndiyo iliyokufanya ufungue kampuni.

Kama jina lina thamani sokoni, liandikishe pia kuwa alama ya biashara, mmiliki awe kampuni. Usajili wa kampuni peke yake haukupi haki ya alama hiyo.

Leseni na namba ya mlipakodi ya kampuni zikishatoka, na madai ya zamani yakiisha, ndipo upeleke taarifa ya kusitisha jina la biashara kwa msajili na kwa watu wa kodi.