Kutazama ndege Tambopata: sikio kwanza, darubini baadaye

Aliyezoea kutazama ndege kwenye mbuga za wazi hupata shida siku za mwanzo katika msitu wa Tambopata, kusini-mashariki mwa Peru. Ndege ni wengi mno, lakini majani yamefunga, na unaweza kutembea saa nzima usione kitu. Ndiyo maana mwongozaji mwenyeji hutafuta kwa masikio. Akisimama ghafla, simama papo hapo, na maswali yasubiri.

Anachokisikilizia hasa ni kundi mchanganyiko: ndege wa aina nyingi wanaotafuta wadudu pamoja, wakiandamana na ndege mlinzi aitwaye Thamnomanes, ambaye hupiga kelele ya tahadhari mwewe akitokea. Kundi hukusanyika karibu mahali pale pale kila alfajiri, na mwongozaji mzuri anapajua. Likianza kusogea, una dakika chache tu. Chagua ndege mmoja umalize naye. Anayehamisha macho tawi hadi tawi huishia kuona mikia. Mkazie macho, kisha inua darubini bila kuyaondoa kwake. Chukua darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) badala ya 10x42: huonyesha eneo pana zaidi na haitikisiki sana.

Ukikuta siafu wametanda ardhini, hiyo ni bahati. Ndege aitwaye Phlegopsis na wenzake huwafuata, si kuwala siafu wenyewe, bali kudaka panzi na buibui wanaokurupushwa. Chomeka suruali ndani ya soksi, simama pembeni, na tazama miguuni kila mara, maana siafu hubadili mwelekeo wakati wewe umeganda kwenye darubini.

Kwenye kingo za mto ambako kasuku hula udongo, fika kabla jua halijachomoza. Wadogo hutangulia, kasuku wakubwa wenye mkia mrefu (macaw) huja baadaye. Mvua ikinyesha mara nyingi hawashuki, hivyo tenga asubuhi mbili.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Dawa ya mbu yenye DEET huharibu plastiki na mpira, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika darubini. Beba koti pia: kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini uitwao friaje unaweza kushusha joto hadi karibu 10°C, na ndege hunyamaza.

Kupiga sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwavuta karibu mwachie mwongozaji. Ndege akidhani mpinzani ameingia kwake, huacha kula na kulisha makinda ili aje kumfukuza. Akichokozwa kila siku, huacha kuitikia. Mwongozaji akisema inatosha, zima simu.