Mifumo zaidi ya 30, miezi 3: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa TEHAMA kwenye taasisi ya umma hapa Dodoma, yenye ofisi mikoani. Tuna mifumo zaidi ya 30, mingine hata haijulikani nani aliileta. Bosi kanipa miezi 3 niandae usanifu wa mifumo ya taasisi nzima. Nimeisoma TOGAF, ule mwongozo wa kimataifa wa usanifu wa mifumo ya taasisi, hadi kichwa kinauma. Je, tununue programu ya kuchorea? Na idara zinazoficha mifumo yao nizifanyeje?

JIBU: Marahaba. Programu usinunue, angalau mwaka huu. Niliwahi kufika taasisi moja iliyokuwa na michoro mizuri ya rangi, imebandikwa kwenye korido. Wakati huohuo idara mbili, ghorofa moja, kila moja ilikuwa na mfumo wake wa stoo. Mchoro ulionyesha mmoja tu.

Fungua Excel. Kila mfumo mstari wake: jina, kazi yake, taarifa unazozalisha, unapokea nini kutoka wapi, mkataba wa matengenezo unaisha lini, una taarifa binafsi za watu au hauna (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 itakuuliza hilo siku moja). Kwenye safu ya mmiliki andika cheo cha mtu mmoja, usiandike "Idara ya Mipango". Idara haipokei simu usiku. Safu ya mwisho iwe: nani anashika nywila ya seva? Safu hiyo iliwahi kunitoa jasho. Tuliuliza wiki nzima, mwishowe tukagundua anayeijua ni kijana aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi, akamaliza, akarudi kwao Mwanza. Bahati nzuri alikuwa bado na namba ileile.

Jedwali likishasimama, chagua karatasi moja uifuate kwa miguu. Mimi hupenda masurufu, fedha anazopewa mtumishi kabla ya safari kisha anazitolea hesabu, kwa sababu hakuna idara isiyosafiri. Afisa aliyeko Kondoa anaandika dokezo, mkuu wake anapitisha, Afisa Masuuli anaidhinisha, wahasibu wanalipa, kisha anarejesha masurufu na risiti zake. Kaa na kila anayeigusa. Nilikaa hivyo na mhasibu mmoja mama mtu mzima: amechapa orodha kutoka mfumo mmoja, ameilaza mezani, ameweka rula chini ya mstari wa kwanza, anaingiza jina na kiasi kwenye mfumo wa pili. Enter. Rula inashuka mstari. Enter. Inashuka tena. Mifumo ile miwili ilishaandikwa kwenye taarifa kwamba "imeunganishwa". Kiunganishi chenyewe kilikuwa rula. Vitu kama hivyo ndivyo usanifu unapaswa kuvionyesha, na huvipati kwa kutuma dodoso.

Hapo utaona tatizo la pili. Mtumishi yuleyule kwenye mfumo mmoja anatambulika kwa cheki namba (namba yake ya mshahara serikalini), kwenye wa pili kwa namba ya simu, kwenye wa tatu kwa jina lililokosewa herufi. Kabla hujafikiria teknolojia yoyote, menejimenti iamue: mmiliki wa taarifa za mtumishi ni Rasilimali Watu, utambulisho ni cheki namba, wengine wote wanaazima. Maamuzi ya namna hiyo matano au sita, kila moja ukurasa mmoja wenye saini, yatakufikisha mbali kuliko kabrasha la kurasa 200.

Kuhusu viunganishi, piga hesabu mbele ya bosi. Mifumo 30, kila mmoja ukishikana na kila mwenzake, ni viunganishi 435. Ikipita kwenye lango moja la katikati ni 30. Mfano wake anaujua kila anayelipia huduma ya serikali: GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, ulioanza 2017. Taasisi inaunganishwa na lango moja, mteja anapewa kontroo namba, analipia benki au kwenye simu.

TOGAF usiitupe. Ilitoka mara ya kwanza 1995 na ina mambo mazuri, ila yenyewe inasema uikate kwa kipimo chako. Kwa miezi 3, mimi ningebaki na maswali 6 ya John Zachman, mmoja wa waanzilishi wa fani hii ya usanifu: nini, vipi, wapi, nani, lini, kwa nini. Yanajibika kwa Kiswahili cha kawaida mbele ya mkuu wa idara.

Sasa idara zinazoficha. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo huchukua sura ya mawasiliano ya watu walioutengeneza. Idara zisizosemezana zitakuwa na mifumo isiyosemezana, na waraka mkali hautabadilisha hilo. Usigombane nao, wasubiri kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na miezi mingi kabla ya hapo idara zinaleta maombi yao. Muombe bosi kitu kimoja tu: ombi lolote la mfumo lisilo na mstari kwenye jedwali lako lirudi lilikotoka. Utashangaa mifumo itakavyojitokeza yenyewe. Mgongo wa kuegemea unao: Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hupitiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Ombi lililoanza kunyooshwa kwako haliaibiki huko.

Mwisho wa miezi 3 mpe bosi jedwali, picha ya ukurasa mmoja anayoweza kuieleza mwenyewe kwenye kikao Mji wa Serikali Mtumba, na yale maamuzi yenye saini. Akitaka zaidi, aongeze muda na mtu wa pili. Ile safu ya nywila anza nayo Jumatatu, kabla kijana mwingine hajamaliza muda wake.